Jeneza la Mayai

Mkate ni mkate, lakini jina lake usilichezee. Chukua boflo, ule mkate mrefu usiokatwa slesi, upasue ubavuni, ushindilie mayai ya kukaanga, parachichi, kachumbari na chachandu, kisha uufunike. Ukiwa Uyole, Mbeya, kule malori yanakopumzikia, mkate huo unaitwa semi. Madereva ndio walioubatiza, na dereva wa lori hata mtoto wake akizaliwa mrefu atamwita semi. Ukitaka na chipsi pembeni unasema "semi na tela yake", na muuzaji anakuelewa. Sasa nenda nao Iringa, mtaa wa Mlandege. Huko utakuta vijana wa vyuo wameutazama wakaona una mwili, una kifuniko, na ndani kuna kitu kimelala chali hakina habari na mtu. Wakauita jeneza. Wanaagiza bila hata kupepesa macho: jeneza moja la mayai, pilipili kidogo.

Mama Crispin hakulijua hilo. Balaa lote lilianzia hapo.

Jina lake la ubatizo ni Yusta, mkazi wa Ilomba, muuza viazi sokoni Uyole kwa miaka kumi na sita. Mwanamke mchapakazi, mkarimu, ila ana shingo ngumu ambayo hata mzigo wa viazi haujawahi kuilegeza. Crispin ni mwanawe wa pekee. Alimsomesha kwa viazi mpaka chuo, huko huko Iringa, akisubiri siku ya kumwona amevaa tai. Siku hiyo haikufika. Crispin alimaliza chuo, akazunguka na vyeti vyake mwaka mzima, mwisho akarudi Ilomba na kumwambia mama yake kwamba ameanza biashara ya kuuza mikate ya mayai kandokando ya barabara huko Iringa, na kwamba inalipa.

"Nilikusomesha uje kupasua mikate?" Yusta aliuliza.

"Mama, ni kazi."

"Mimi sina mtoto muuza mkate. Siku ukipata ofisi ndiyo unipigie. Kabla ya hapo, usinipigie."

Kijana naye, shingo kairithi kwa nani? Akaondoka, na kweli hakupiga. Mwezi ukapita, ukawa mwaka, ikawa miwili. Usiku Yusta alikuwa akiitazama simu yake kama mtu anayechungulia chungu, kisha anaigeuza kifudifudi na kulala. Kupiga yeye? Thubutu! Alishasema neno lake, na neno la Yusta halirudi nyuma.

Ila watu wana midomo. Jumuiya yake ya kanisani ilipokutana nyumbani kwake, wakamuuliza, "Crispin yuko wapi siku hizi?" Yusta akajikuta amesema yuko benki, Iringa. Kitengo cha mikopo. Uongo ukiupa kiti unaomba na meza. Pasaka ikaja, wakamuuliza tena, akampandisha cheo. Krismasi akampandisha tena. Kufikia mwaka huu Crispin alikuwa naibu meneja wa tawi, ana kiti kinachozunguka, na wanawake wawili wa jumuiya walikuwa wameanza kuulizia kama ana mchumba.

Ijumaa moja saa kumi jioni, Yusta yuko sokoni anapanga viazi, malori yananguruma barabarani, simu ikaita. Namba ngeni.

"Shikamoo mama," ikasema sauti ya msichana.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Faustina, nipo Iringa. Mimi ndiye ninayeishi na Crispin."

Yusta akakaa juu ya gunia. Ilikuwa miaka miwili tangu mtu alitaje jina hilo mbele yake bila kuongeza neno benki.

"Crispin yuko wapi? Mbona hapigi mwenyewe?"

"Crispin hawezi kuongea, mama."

"Hawezi?"

"Hawezi. Ndiyo maana nimepiga mimi. Mama, kesho saa tisa tuna shughuli hapa Mlandege. Jeneza letu..." Lori likapiga honi, na Yusta akaziba sikio moja. "...limependeza sana, kila mtu analisifia. Padri Joachim atakuja kubariki."

"Jeneza?"

"Ndiyo, mama. Crispin kahangaika sana hii miaka miwili, jua lake, mvua yake. Sasa amepumzika. Amepata makao ya kudumu."

Mkono wa Yusta ulikuwa umeshika kiazi na haukumbuki namna ya kukiachia.

"Binti, niambie ukweli. Mwanangu ni mzima?"

"Mzima kabisa, mama! Wala usiwe na wasiwasi. Wewe njoo tu. Kama ulikuwa na hasira naye, msamehe, njoo umwone."

Simu ikakatika.

Sasa hapa lazima niseme jambo. Sisi huku msiba hausemwi kwenye simu. Mtu akifa, ndugu yake wa mbali anaambiwa baba anaumwa kidogo, njoo. Anafika anakuta turubai limeshafungwa na watu wamekaa chini. Kwa hiyo kila mwenye akili timamu anajua: ukiambiwa mtu wako anaumwa sana, bado ana nafasi. Ukiambiwa anaumwa kidogo, anza kutafuta nguo nyeusi. Na ukiambiwa ni mzima kabisa, usiwe na wasiwasi, njoo tu, hapo hakuna tena mjadala. Faustina maskini, kila alivyozidi kumtoa mama wa watu wasiwasi ndivyo alivyozidi kumzika mumewe.

Yusta alipiga ukunga, soko zima likasimama.

Aliyefika wa kwanza ni Tekla, jirani yake wa Ilomba, mwenyekiti wa jumuiya. Tekla kwa misiba ni bingwa. Anajua nani akae wapi, nani apike nini, na wimbo upi uimbwe jeneza likitoka ndani. Watu husema Tekla akikuamkia mara mbili kwa siku, nenda hospitali. Alimsikiliza Yusta mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa kila neno.

"Amesema 'mzima kabisa'?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na 'njoo tu'?"

"Ndiyo."

Tekla akavua kitambaa cha kichwani na kujifunga kiunoni. "Basi dada yangu, jikaze."

Jioni hiyo wanawake wa jumuiya walijaa sebuleni Ilomba. Mmoja akashauri wapige ile namba tena, huenda kuna kosa. Tekla akaipiga mwenyewe na kuweka sauti kubwa ili wote wasikie. Ikapokelewa na mwanamke mtu mzima.

"Halo, hapa dukani kwa Rubab, mikate na maandazi."

"Tunapiga kutoka Mbeya, nyumbani kwa mama yake Crispin. Faustina yupo?"

"Aliazima simu yangu tu, ameshaenda kujiandaa na kesho."

"Tunauliza hiyo habari ya jeneza. Ni kweli?"

"Kweli kabisa! Kumbe imefika mpaka Mbeya? Mikate yote ya jeneza la Crispin natoa mimi. Na arobaini nimeshamwahidi."

Wanawake wakatazamana. Marehemu hajaoshwa, na huko tayari wanapanga arobaini!

"Pole sana, mama," Tekla akasema kwa sauti ya msibani.

"Asante, dada. Ndiyo kazi zetu, tumeshazoea."

"Wamezoea!" mmoja akanong'ona na kujishika kifua.

"Na sisi tuje na nini?" Tekla akauliza.

Rubab akacheka kwa furaha. "Njooni na njaa zenu tu!"

Tekla akakata simu polepole. "Mama wa watu," akasema, "huzuni imemchanganya akili." Basi ikawa imethibitishwa. Hakuna tena aliyetaka kupiga.

Jumamosi alfajiri basi dogo la Kosta lililokodiwa na jumuiya liliondoka Uyole na wanawake kumi na mmoja. Na nikisema msiba wa Wanyakyusa, unajua mwenyewe, hatuendi mikono mitupu. Ndani ya gari kulikuwa na mikungu minne ya ndizi, mchele, viazi gunia zima, sufuria mbili za kupikia watu mia, magodoro, na jogoo mmoja ambaye hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyemleta. Yusta alikaa kiti cha mbele, khanga imemfunika mpaka puani. Nyuma yake Tekla aliongoza nyimbo. Kila zikipita kilomita kumi alisimamisha wimbo ili mfiwa aomboleze.

Na kuomboleza kwetu si kupiga kelele tu. Mama analia kwa kusimulia. Anamtaja mwanawe alivyokuwa, alichopenda kula, alivyomletea zawadi, alichomwambia wiki iliyopita. Yusta akaanza vizuri. "Crispin wangu, uliyekataa uji mpaka uwekwe sukari! Crispin, uliyevunja mguu kwa kuruka kisiki cha jirani!" Akafika chuo. Akavuka chuo. Kisha akakwama.

"Endelea, dada," Tekla akamhimiza. "Mlilie na kazini."

"Naibu meneja wangu," Yusta akasema, na sauti ikamfia. Alitafuta kichwani mwake kitu kimoja tu cha kweli cha miaka miwili. Alikuwa anakula wapi? Alikuwa anakohoa wakati wa baridi kama zamani? Huyu Faustina alimpata lini? Hakujua. Alijua tu kiti kinachozunguka, na hicho alikitunga yeye. Basi akajiinamia na kulia bila maneno, na wenzake wakadhani ndiyo uchungu umemzidi. Walikuwa sahihi, ila hawakujua ni uchungu upi.

Makambako gari likasimama kidogo. Kabla dereva hajazima injini, wauzaji walishafika dirishani. "Behewa! Behewa la moto, mayai mawili!" Tekla akatoa kichwa, akaona mkate mrefu umepasuliwa na mayai yanachungulia.

"Hii si semi hii?"

"Hapa kuna stesheni ya reli, mama. Hapa ni behewa."

Tekla akanunua moja. Akasema mfiwa ndiye asiyekula, lakini wasindikizaji wakizimia njiani nani atapika? Mafinga, kwenye nchi ya mbao, wakasimama tena, na muuzaji mwingine akaja mbio na beseni. "Gogo! Gogo la parachichi, gogo la nyama!"

"Jamani, ni semi ileile!" Tekla akashangaa, na akanunua tena, mbili, moja ya nyama na moja ya parachichi, ili alinganishe.

"Mwenyekiti, hiyo ni ya tatu," akasema mwanamke wa nyuma.

"Kilio kinakula nguvu, wewe hujui."

Yusta hakununua kitu. Alikuwa anamtazama yule muuzaji wa gogo, kijana mwenye ndevu changa na shati lililofuliwa likapigwa pasi vizuri, anakimbia sambamba na gari lililoanza kuondoka ili amrudishie mtu chenji yake. Alikimbia mpaka akaifikisha. Yusta akageuka kumwangalia akibaki nyuma, ameshika magoti, anahema, anacheka na wenzake. Akajiuliza mama yake huyu yuko wapi, na kama anamwonea aibu. Hapo moyo ukamuuma kuliko wakati wowote tangu jana.

Saa tisa kasoro wakaingia Mlandege. Hawakuhitaji kuuliza mara mbili. "Jeneza la Crispin? Nyoosheni tu, mtaona watu." Na kweli watu walikuwepo. Turubai, viti vya plastiki, akina mama wamependeza kwa vitenge vipya, wanafunzi wamepanga mstari, na spika inapiga muziki wa kucheza.

"Hawa Wahehe," Tekla akasema kwa hasira, "wanazikana na spika?"

Yusta hakusikia. Alikuwa ameona ukuta. Juu ya mlango wa fremu mpya ya duka, kwa rangi nyekundu ambayo bado inang'aa, kulikuwa na herufi kubwa: JENEZA LA CRISPIN. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine wa herufi ndogo, mayai, nyama, parachichi, lakini mama aliyeona jina la mwanawe pembeni ya neno lile hawezi kusoma mstari wa pili. Alishuka kwenye Kosta, akapiga hatua tatu, akaanguka chini.

"Crispin! Mwanangu! Nirudishieni mwanangu!"

Hilo likawa tangazo. Wanawake kumi wa Mbeya walimwagika kutoka garini na mikungu, sufuria na magodoro, wakilia kwa sauti zote nne za kwaya. Mmoja alijigaragaza. Mwingine alimkumbatia mzee wa Kihehe aliyekuwa anakunywa soda yake kwa amani, akamwambia ajikaze, ni mapenzi ya Mungu. Mzee, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akaweka soda chini na kuanza kulia naye. Muziki ukazimwa. Padri Joachim akatoka ndani na kindoo cha maji ya baraka, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, na kwa kuwa alizoea, akaanza kutafuta kitabu cha mazishi. Jogoo akatoroka.

Katikati ya kilio, mwanafunzi mmoja aliyekuwa mbele ya mstari, ambaye njaa ilikuwa imemshika kweli, akagonga kaunta. "Faustina, nipe basi hilo jeneza la mayai. Usiweke pilipili."

Tekla akakatiza kilio na kumgeukia. Alikuwa amelisikia hilo neno misibani maisha yake yote, lakini hakuwahi kulisikia likikaa na pilipili.

Mlango wa nyuma ukafunguka, Crispin akatoka. Aproni kifuani, kisu mkononi, machozi yanamtoka kwa vitunguu.

"Kuna nini huko nje?"

Tekla, bingwa wa misiba, mwanamke aliyekesha na maiti zaidi ya sitini bila kutetemeka, alipiga yowe moja, akageuka, akaruka godoro, akaingia ndani ya Kosta na kujifungia mlango. Wenzake wakamfuata na kuukuta umefungwa. Wakabaki wanaugonga.

Yusta peke yake hakukimbia. Aliinuka kutoka chini, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamwendea.

"Mama, rudi!" wakapiga kelele. "Ni mzuka huo!"

"Kama ni mzuka, ni mzuka wangu," akasema.

Akamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Akamshika uso, akamnusa shingoni alivyokuwa akimnusa utotoni akitoka shule. Alinuka kitunguu na mafuta ya kukaangia. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kumzaba kofi ambalo mpaka leo watu wa Mlandege wanalisimulia, na kabla kijana hajashika shavu, akawa amemkumbatia na kumkaba mpaka kisu kikaanguka.

"Wewe ni mzima?"

"Mzima, mama."

"Mzima kabisa?"

"Si nilikuambia!" Faustina akasema kutoka kwenye kaunta, naye analia bila kujua analilia nini. Msichana mfupi, mwenye sauti nzuri, amefunga kitambaa cha njano, akamwamkia Kihehe. "Kamwene, mama. Nilikuambia ni mzima kabisa!"

"Ndivyo ulivyomuua, binti yangu!" Yusta akajibu. "Mtu mzima hasemwi ni mzima!"

Ilichukua muda kulifumua fundo lile. Crispin alieleza jeneza ni nini. Rubab wa dukani, mama wa miwani na shela la kijani, alieleza arobaini ni nini: ni boflo arobaini kila asubuhi. Faustina alieleza makao ya kudumu ni nini, kwamba Crispin kwa miaka miwili alikuwa anauza chini ya mwavuli na sasa wamepata fremu. Kila jibu likitoka, wanawake wa Mbeya walikuwa wanashika viuno na kusema "aaah!" Mwisho walianza kucheka, na wa kwanza kucheka alikuwa yule aliyejigaragaza, akijikung'uta. Yule mzee wa Kihehe peke yake ndiye aliyeendelea kulia. Alisema akishaanza huwa hawezi kuacha haraka.

Hapo mlango wa Kosta ukafunguka. Tekla akashuka taratibu, ametengeneza kilemba chake, kwa heshima zote za mwenyekiti.

"Tumshukuru Mungu," akasema. "Ila mimi nina swali moja. Na benki je?"

Crispin akamtazama mama yake. "Benki gani?"

Yusta aliwatazama wanawake wake, kumi, waliolala saa nne wakaamka saa tisa kwa ajili yake. Angeweza kusema amechukua likizo. Angeweza kusema hii ni biashara ya pembeni, mabosi wengi wanazo. Uongo ulikuwa umejipanga ulimini kama viazi mezani, unasubiri tu achague. Akamwangalia mwanawe, alama za vidole vyake zimeanza kuvimba shavuni.

"Hakuna benki," akasema. "Niliitunga mimi. Kitengo cha mikopo nilikitunga, unaibu meneja niliutunga, na kile kiti nilikizungusha mwenyewe. Mwanangu anauza mikate. Aliniambia, nikamfukuza, nikaona aibu, nikawadanganya. Huyu hapa ndiye. Mtazameni."

Wakamtazama. Crispin hakujua aweke wapi mikono.

"Kwa hiyo," Tekla akasema polepole, "tangu Uyole tumekuwa tunamlilia nani?"

"Yule wa benki. Amekufa leo, na mmeshamlilia vya kutosha. Mimi arobaini yake siitaki."

Tekla akageukia kaunta. "Kwa msiba mdogo namna hii," akasema, "nipe hilo lenu la mayai, nilinganishe. Mimi nimeshafika mpaka gogo."

Basi shughuli ikawa shughuli. Padri Joachim akaweka pembeni kitabu cha mazishi na kubariki fremu, kikaango na hata magodoro. Ndizi za Mbeya zikapikwa kwenye zile sufuria, na Mlandege nzima ikala. Jina likaleta vita kidogo. Wanawake wa Mbeya wakataka paandikwe upya "Semi", kwa afya ya mama. Wanafunzi wakagoma, wakasema semi ni lori. Rubab akasema baba yake alioka mkate huo miaka hamsini ukaitwa boflo, na mtu akiujaza mayai unaitwa boflo lenye mayai, na kama wana adabu wataliacha hivyo. Tekla, ambaye sasa alikuwa amekula majina manne, ukihesabu na semi ya kwao, alitoa hukumu kwamba behewa lina chachandu nzuri ila jeneza lina mayai mengi. Hakuna aliyeshinda. Rangi ya ukutani ilibaki ilivyokuwa.

Jua liliposhuka na watu kupungua, Yusta aliingia ndani ya fremu, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na jiko. Crispin alikuwa anafuta meza. Faustina alikuwa anapanga sahani.

"Binti yangu," Yusta akasema, "lile neno ulilosema kwenye simu, kwamba hawezi kuongea. Alikuwa wapi wakati huo?"

Faustina akamtazama Crispin, kisha akainamisha macho. "Alikuwa hapo hapo, mama. Amesimama pembeni yangu dukani kwa Rubab. Yeye ndiye aliyebonyeza namba zako, anazijua kwa kichwa. Simu ilipoanza kuita akanipa mimi."

Crispin aliendelea kufuta meza palepale pasafi. "Niliogopa, mama," akasema. "Nilijua ukisikia ni mimi utakata."

Yusta alifungua kinywa aseme hapana. Mama yeyote angesema hapana, mwanangu, nisingekata hata siku moja. Lakini alikuwa amechoka na uongo, wote ulikuwa umeishia pale nje kwenye vumbi. Akafikiria ile jana, soko, malori, mkono wake ukishika kiazi. Akafikiria sauti ya Crispin mzima, mwenye afya yake, ikimwambia mama njoo, nimefungua kibanda cha mikate.

"Ningekata," akasema.

Kitambaa kikasimama mezani.

"Ningekata, Crispin. Ulikuwa sahihi. Nimekuja kwa sababu nilidhani anayeitwa ni mama wa marehemu, si mama wa muuza mkate." Akajifuta pua kwa pindo la khanga. "Nisamehe, baba. Nipigie. Nipigie kesho, na keshokutwa, hata kama huna la kusema."

Crispin akaja kuchutama mbele yake, akaweka kichwa mapajani mwake pale juu ya ndoo, mwanaume mzima na aproni yake. Yusta akamshika masikio yote mawili. Walikaa hivyo mpaka Faustina akawasha taa.